Umeambiwa "huna kitu" na bado unaumwa? Namna ya kurudi kwa daktari

Mdogo wangu alianza kuzimia siku za hedhi akiwa kidato cha pili. Kwa miaka sita tulizunguka naye: zahanati ya mtaani, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, kisha hospitali mbili za binafsi. Alipewa dawa za UTI mara nne, za minyoo mara mbili, za vidonda vya tumbo mara moja, na ushauri mmoja uliorudiwa na watu watatu tofauti: "Ukizaa itaisha." Wa mwisho alifunga cheti akasema hana kitu, ni mawazo ya mitihani. Mitihani yenyewe alikuwa ameshaimaliza miezi minne nyuma.

Mimi ndiye niliyekuwa namsindikiza, kwa hiyo ninayoandika hapa nimeyaokota kwenye mabenchi. Sina ugomvi na madaktari. Nimekaa kwenye foleni iliyofika hadi kwenye mwembe wa getini, na ndani yumo mtu mmoja ambaye tangu asubuhi hajanywa hata chai. Mtu huyo akisikia "tumbo linauma" mara ya arobaini siku hiyo, mkono unakwenda wenyewe kwenye dawa aliyoiandika mara thelathini na tisa. Kazi yako mgonjwa ni kumpelekea habari ambayo haitoshei kwenye dawa hiyo.

Mifano yangu ni ya Tanzania Bara, ndiko ninakougulia. Aliyeko Kenya au kwingine atabadilisha majina ya ofisi. Chumba cha daktari ni kilekile.

Kwanza, hali ambazo hazisubiri mwongozo

Kuna dalili ambazo ukirudishwa nazo nyumbani, usiende nyumbani. Nenda kituo kingine saa hiyohiyo, au rudi mapokezi uombe kuonwa na mtu mwingine, hata kama utaitwa msumbufu.

Mjamzito anayeumwa kichwa kikali, anayeona maluweluwe, aliyevimba uso na mikono ghafla, anayeumwa chini ya mbavu upande wa kulia, anayetoka damu, au ambaye mtoto ameacha kucheza tumboni. Presha ya 140/90 kwa mjamzito si ya kuambiwa "kapumzike" tu, na ikifika 160/110 ni dharura kamili, kwa sababu kifafa cha mimba hakipigi hodi. Usafiri ukiwa tatizo, namba 115 ya m-mama haina malipo, na ipo kwa ajili ya wajawazito, waliojifungua na vichanga.

Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila anachopewa, aliyepata degedege au aliyelegea asishtuke ukimwita. Mtu mzima ambaye mdomo umekwenda upande au mkono umekufa ganzi ghafla, au kifua kinambana na jasho jembamba linamtoka. Mwenye sikoseli aliyepata homa, kifua kubana au pumzi kukatika. Hawa wote daftari lao litaandikwa baadaye.

Wengine wote, tuendelee.

Hatua ya 1: Uandike ugonjwa kabla hujauzungumza

Chukua daftari la shule, lile la kurasa arobaini na nane linatosha. Kwa wiki mbili, au kwa mizunguko miwili ya hedhi kama tatizo ni la kike, andika kila siku mstari mmoja: tarehe, kilichouma, kilianza saa ngapi, kiliisha saa ngapi, ulikunywa nini, ulishindwa kufanya nini.

Hilo la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote. Sisi tumefundishwa kuvumilia, na lugha yetu ya maumivu imejaa adabu. Mtu anagaragara usiku kucha, asubuhi anaulizwa "unaumwaje?" anajibu "tumbo linasumbua kidogo." Daktari anaandika "kidogo". Badala yake sema ulichoshindwa: nilishindwa kusimama kuosha vyombo, nilikosa shule siku tatu, nilishuka kwenye daladala kabla ya kituo changu kwa sababu sikuweza kusimama. Kwa damu, usiseme "inatoka nyingi", hesabu pedi. Pedi inayojaa ndani ya saa moja au mbili, au mabonge ya damu, ni habari ambayo daktari hawezi kuipita.

Halafu neno "tumbo". Kwa Mswahili tumbo linaanzia chini ya maziwa na kuishia kwenye kinena, na ndani yake kuna kila kitu. Onyesha kwa kidole kimoja, si kwa kiganja kizima. Vilevile ukisema "moyo unauma" huku umeshika chembe ya moyo, utapewa dawa za vidonda. Kama kinachouma ni kifua chenyewe, sema kifua. Na usione haya kutumia maneno yote tuliyonayo, maana ni mengi na kila moja lina kazi: kuchoma, kunyonga, kukata, kuvuta, kupwita, kuwaka moto. Maumivu yanayonyonga kisha yanaachia si sawa na yanayochoma bila kupumzika, na daktari mzuri anasikia tofauti hiyo.

Jambo moja zaidi, ambalo sisi lilitugharimu. Mama alikuwa akiingia chumbani anasema, "Mwanangu ana chango." Nyumbani kila mtu anaelewa. Hospitalini neno hilo linaleta tabasamu, na baada ya tabasamu hakuna anayesikiliza tena. Ndivyo ilivyo pia kwa "taifodi sugu", "ngiri" na "presha ya kushuka". Usipeleke jina la ugonjwa, peleka dalili. Kutafuta jina ndiyo kazi unayomlipa.

Hatua ya 2: Kusanya karatasi, hata zile za kuchukiza

Kila cheti, kila majibu ya maabara, kila picha ya ultrasaundi, kila pakiti ya dawa uliyomaliza. Zipange kwa tarehe, kisha zipige picha kwa simu, maana karatasi za maabara hufifia na mvua ya masika haina huruma. Hospitali nyingi za serikali sasa zinaingiza taarifa kwenye kompyuta, kwa hiyo unaweza kutoka bila karatasi yoyote mkononi. Omba wakuchapie majibu kabla hujaondoka, na ukilazwa usitoke bila karatasi ya kuruhusiwa.

Nilipozipanga za mdogo wangu mezani ndipo nilipoona kitu ambacho hakuna daktari aliyeweza kukiona peke yake: UTI mara nne, na mkojo haujaoteshwa maabara kutafuta vijidudu hata mara moja. Kila mmoja alimkuta mgonjwa mpya na tatizo jipya. Historia nzima ilikuwa kwenye mfuko wa rambo chini ya kitanda.

Ukishazipanga, kuna mambo mawili ya vipimo ambayo ni vizuri uyajue, kwa sababu ndiyo yanayofunga milango mingi kwetu. Kipimo cha haraka cha malaria, cha aina inayotumika zaidi, kinaweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kwisha. Kwa hiyo "bado una malaria" baada ya kumaliza dozi haimaanishi kwamba homa ya leo ni ya malaria. Na kipimo cha Widal cha taifodi kinaweza kuwa chanya kwa mtu aliyewahi kuugua zamani au mwenye maambukizi mengine kabisa. Cha uhakika zaidi ni kuotesha damu. Sisemi ukabishane na mtu wa maabara. Nasema ukishatibiwa taifodi mara tatu ndani ya mwaka mmoja, una haki ya kuuliza kama kweli ni taifodi.

Wenye sikoseli wananielewa hapa kuliko wote. Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu Tanzania kila mwaka, na bado mtu mzima akifika usiku akilia mifupa anashukiwa kafuata sindano ya dawa kali ya maumivu kwa uraibu tu. Hakuna kipimo kinachoonyesha maumivu hayo. Wingi wa damu unaweza kuwa uleule wa kliniki ya mwezi uliopita na mtu yumo motoni. Kama ndiye wewe, tembea na kadi ya kliniki yenye mambo matatu yaliyoandikwa na daktari anayekujua: kiwango chako cha damu cha siku zote, dawa iliyokutuliza mara ya mwisho, na dozi yake. Maneno hayo yakitoka kinywani mwako wewe mgonjwa yanaleta shaka. Yakiwa na mhuri wa kliniki yanaleta dawa. Si haki, lakini usiku wa maumivu si wakati wa kudai haki.

Hatua ya 3: Chagua msindikizaji, na umpe masharti

Nenda na mtu. Msindikizaji anakumbuka usichokumbuka, na mbele yake watu huchunga ndimi. Lakini mwambie kabla: asikusemee. Baba akimsemea binti, nusu ya habari inabaki nje. Mama akimsemea kijana wa miaka kumi na tisa, daktari anamtibu mama. Mpe kazi moja tu, ya kushika daftari na kukugusa begani ukisahau mstari. Na kama kuna jambo la faragha, mwombe atoke. Hata daktari unaweza kumwomba ndiye amwambie atoke, wengi wanaelewa wala hawataulizauliza.

Hatua ya 4: Sentensi ya kwanza

Una dakika tano, pengine pungufu. Salamu ni lazima, shikamoo kama amekuzidi umri, habari za kazi kama ni kijana mwenzako, kisha usianze na kichwa, ukaja mgongo, ukamalizia na macho. Anza na jambo moja, muda wake, na kilichobadilika:

"Dokta, nimekuja kwa jambo moja. Kila mwezi siku mbili kabla ya hedhi napata maumivu hapa, yanadumu siku tano, nakosa kazi siku mbili. Ni miaka sita sasa, na tangu mwaka jana nikienda haja kubwa siku hizo naumia sana. Nimeandika hapa."

Kisha nyamaza, msogezee daftari. Ule ukimya una kazi yake, usiujaze kwa kuomba radhi.

Ukiulizwa umetumia dawa gani, taja zote, na mitishamba pia. Najua utakaripiwa. Karipio linaisha, ila dawa ya kienyeji iliyofichwa inaweza kugongana na utakayoandikiwa, au ikavuruga majibu ya ini na figo halafu mkatafuta ugonjwa ambao haupo.

Hatua ya 5: Akisema "huna kitu"

Hapa ndipo wengi wetu tunaposema "asante dokta", tunainuka, na kulia tukifika kwenye bodaboda. Bado usiinuke. "Vipimo viko safi" na "huna ugonjwa" ni sentensi mbili tofauti. Kila kipimo kinatafuta kitu chake. Ultrasaundi ya kawaida, kwa mfano, inaweza kutoka safi kabisa na mwanamke akawa na endometriosisi, ule ugonjwa ambao tishu zinazofanana na za ndani ya mji wa mimba huota nje yake na kuleta maumivu makali ya hedhi, na kwa wengine ugumu wa kupata mimba. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa unawapata wanawake na wasichana milioni 190, karibu mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa. Ugonjwa wenye watu wengi hivyo, na sisi tulisikia jina lake mwaka wa sita.

Kwa hiyo uliza, kwa sauti ya kawaida, kama unayeuliza bei ya nyanya:

"Vipimo hivi vimeondoa ugonjwa gani, na upi haujaangaliwa?"

"Kama si UTI, ungefikiria nini kingine?"

"Nisipopata nafuu, nirudi baada ya siku ngapi, na nikiona nini nisisubiri siku hizo?"

Swali la pili ndilo ninaloliamini zaidi. Halimwambii amekosea. Linamrudisha darasani, kwenye ile orodha ya magonjwa yanayofanana aliyofundishwa kuiandika kabla ya kuamua. Nimeona mtu aliyekuwa ameshika kitasa cha mlango akarudi kukaa kwa swali hilo.

Kama bado anakataa, liko ombi moja la mwisho, na lisemwe kwa unyenyekevu wa kweli: "Naomba basi uniandikie kwenye cheti kwamba nimelalamikia maumivu haya kwa miaka sita, na kwamba kipimo hiki hatutafanya kwa sababu hii." Kuandika kunamfanya mtu afikiri mara mbili. Na kama ana sababu nzuri ya kutopima, ataiandika bila shida, nawe utaondoka na kitu cha kumwonyesha anayefuata.

Vipi ukiambiwa ni mawazo? Usikasirike haraka. Mawazo yanaumiza mwili kweli. Yanaondoa usingizi, yanafunga kifua, yanaharibu tumbo, na sonona ni ugonjwa wenye tiba. Kwa hiyo ukiambiwa hivyo, uliza inatibiwaje na wapi. Daktari aliyefikiri atakupa jibu: atakuuliza unalalaje, unakulaje, atakuelekeza kliniki ya afya ya akili. Aliyekuwa anakufukuza tu atasema "punguza mawazo", na hapo umeshajua uko mbele ya nani.

Na ukijibiwa "nani daktari, mimi au wewe?", jibu ni "ni wewe dokta, ndiyo maana nakuuliza." Basi. Usiongeze neno.

Hatua ya 6: Badilisha mtu kabla ya kubadilisha dawa

Sisi humwita kila aliyevaa koti jeupe daktari. Kwenye zahanati anayekuona mara nyingi ni tabibu, mtu wa stashahada, mwenye ujuzi wa magonjwa ya kila siku na mipaka yake. Kumwomba rufaa si kumtukana. Sema: "Naomba nikaonwe na daktari bingwa wa kina mama," na mtajie ni mara ngapi umeshatibiwa kitu kilekile bila kupona. Ngazi zinajulikana: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, rufaa ya mkoa, kanda, taifa. Karatasi ya rufaa itunze kama fedha, hasa ukiwa na kadi ya bima, maana bila hiyo dirishani mtazungushana.

Hospitali ya binafsi ni njia nyingine, ila usidanganyike na viti laini. Kuna mahali utasikilizwa kwa upole, utaandikiwa vipimo kumi na viwili, na utatoka na UTI ileile kwa bei ya mbuzi. Peleka daftari lako huko pia, na maswali yaleyale.

Wa kuogopa zaidi ni yule wa mtandaoni anayeuza dawa ya "kusafisha kizazi". Anakujibu usiku wa manane, anakuita dada yangu, anakuuliza maswali marefu ambayo hospitalini hukuulizwa. Ndiyo siri ya biashara yake: anasikiliza. Tulinunua chupa tatu. Zilikuwa tamu, na hazikufanya kitu.

Hatua ya 7: Kulalamika rasmi

Tenganisha mambo mawili. Daktari akikosea ugonjwa baada ya kukusikiliza na kukupima, hiyo ni kazi yao, hukosewa. Akikutukana, akikataa kukupima, akikunyima taarifa zako au akikurudisha na dharura, hilo ni la kulalamikia.

Anza na mganga mfawidhi wa kituo. Namba ya simu ya malalamiko mara nyingi imebandikwa ukutani. Kwenye hospitali kubwa mtafute afisa ustawi wa jamii, ambaye watu humdhania ni wa misamaha ya bili tu. Juu yao yuko Mganga Mkuu wa Wilaya, kisha wa Mkoa. Mwenendo wa kitaaluma wa daktari ni wa Baraza la Madaktari Tanganyika, wa muuguzi au mkunga ni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga. Kenya lipo Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, na Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inasema wazi kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Andika ukurasa mmoja: tarehe, saa, chumba, kilichosemwa, unachotaka kifanyike. Matusi yako yaache nyumbani, yatakuharibia kesi.

Mdogo wangu alipatiwa jina la ugonjwa wake na daktari kijana wa hospitali ya mkoa, siku ya mvua, foleni ikiwa fupi. Alisoma daftari kurasa nne bila kuinua kichwa, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuuliza: "Yanaanza siku ngapi kabla ya damu?" Mdogo wangu alishindwa kujibu kwa kilio, nikafungua ukurasa. Akaandika "endometriosisi" na alama ya kuuliza mbele yake, akampeleka kwa bingwa. Sasa anatumia dawa za homoni. Maumivu yamepungua, hayajaisha. Mwezi uliopita alikosa kazi siku moja. Kliniki ni Jumanne, na juu ya ukurasa ameshaandika swali la kwanza: hizi dawa nitazitumia mpaka lini?